Ziwa la Kazija

Silima bin Usi, mchoma chokaa wa Ng'ambo, alimzika mkewe mwaka wa hamsini na nne. Kilichomuua Kazija ni ziwa lake la kifuani. Lilianza donge, likawa jiwe, likafunguka.

Ziwa lile lilikuwa limenyonyesha watoto wa watu. Ujanani Kazija alitoka Makunduchi akaingia mjini, akanyonyesha katika nyumba mbili za Waarabu. Mtaa wa Malindi, kwa Bi Shemsa, alimnyonyesha Matar. Matar hajaachishwa, Kazija akawa anapita na Shangani, kwa Bi Thuwaiba, kumnyonyesha Zuwena. Mwanawe mwenyewe, Mcha, aliachwa kwa bibi yake, akinyweshwa uji wa muhogo. Hakufika kutambaa.

Mabibi wale, bila mmoja kujua la mwenziwe, kila mmoja alimwapisha asiseme. Ilikuwa aibu mtoto wao kuonekana kakulia ziwa jeusi. Kazija alimwambia mumewe tu.

Donge lilipofunguka, Silima alikwenda kwa Bi Shemsa kuomba gari limfikishe mgonjwa hospitali. Bibi hakushuka. Alituma mtumishi aseme viti vitanuka, na watu weusi wana miti yao ya dawa. Silima akampakia mkewe kwenye gari la hamali. Huko hospitali wanawake weusi walilazwa mpaka chini, na ghorofani, kwa watu wa rangi nyengine, vitanda vitupu. Daktari hata hakumfunua. Alisema wanawake wa shamba hupenda kuchelewa. Kazija alifia sakafuni.

Haukutimia mwaka, Silima akasikia Matar anamwoa Zuwena.

Walionyonya ziwa moja hawaoani. Hilo mtoto wa chuoni analijua. Silima angeweza kwenda kusema siku ile ile. Hakwenda. Aliacha watu waalikwe, mbuzi wachinjwe, jamaa waje kutoka Pemba. Siku ya nikaha akaoga, akavaa kanzu aliyomzikia mkewe, akaingia nyumba ya Malindi baada ya alasiri.

Kadhi alikuwa keshashika mkono wa bwana harusi.

"Shekhe, hawa ndugu," Silima alisema. "Wamenyonya kwa mke wangu."

Baba wa bwana harusi akacheka. "Mzee, moshi wa tanuri umekupanda kichwani?"

"Mama zao wapo ndani. Waapisheni."

Kadhi akaamrisha Msahafu upelekwe nyuma ya pazia. Bi Thuwaiba akaanza kulia. Bi Shemsa kadhi alimuuliza mara mbili.

"Kamnyonyesha," alisema.

"Nani?" Silima akauliza.

Silima akalisogelea pazia.

"Mtaje, Bi Shemsa. Wageni wote wasikie."

"Kazija. Kazija binti Jaku, wa Makunduchi."

Kadhi akauachia mkono wa bwana harusi. Silima akatafuta makubadhi yake mlangoni, akaondoka. Pilau ilikuwa inanukia mpaka njiani. Hajapata kusikia harufu nzuri kama ile.

Asubuhi Matar alimfuata Ng'ambo, peke yake, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

Silima hakuitikia.

Kijana akasema hakujua lolote, akaapa. Akaomba aoneshwe kaburi la mama yake wa kunyonya, amsomee.

Silima alimtazama. Kifua kipana, meno kamili, shingo iliyoshiba. Afya ile ilikuwa ya Mcha.

"Makaburi mengi," alimwambia. "Katafute."

Akafunga mlango.