Nafasi Niliyoshikishwa

Usiseme nimetunga. Natunga hadithi, ndiyo, mtaa wetu wa Berea mzima unajua, lakini hii sikuitunga. Ilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Johannesburg.

Chumba chetu tumekigawa kwa mapazia, familia tatu. Utaandikia wapi? Nimeandikia penye mashine za kufulia, nimeandikia zahanati, mpaka nikagundua ukumbi wa ofisi moja ya vibali vya wageni. Mahali pazuri ajabu! Mabenchi marefu, kila mtu ameinamia karatasi, nani atakuuliza unaandika nini? Vibali vyangu mimi vilikuwa sawa. Nikishampeleka binti yangu Neema chekechea, nilikuwa nakwenda kukaa benchi la nyuma na kuandika riwaya yangu, kwa mkono, mpaka saa ya kumfuata.

Siku hiyo akakaa kando yangu mzee mmoja, amevaa koti zito na joto lote lile. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, "Mama, unishikilie nafasi. Nakuja sasa hivi."

Mtu wa kwenu akikuomba hivyo, utakataa? Sisi wageni foleni ndiyo maisha yetu, tunashikiana nafasi kila siku. Nikamwambia, "Haya baba, nenda," nikasogea pale alipokuwa. Akajinyoosha mgongo, akacheka peke yake, akatoka.

Muda wa Neema ukafika, na mzee hajarudi. Nikataka kuinuka. Miguu ikakataa! Niamini, haikuwa ganzi wala maumivu, ilikataa tu. Nikaita watu. Walikuwa wanasogea kwenye benchi kama kawaida, na wakifika kwangu wananiruka kama nguzo. Simu haikuwaka. Mlinzi wa mlangoni, kijana wa Lubumbashi ambaye kila siku hunitania, "Mama Neema, karatasi zako haziishi tu?", akapita akanitazama usoni asinione. Nililia, sikufichi. Chekechea ile ikifungwa, mtoto anaachwa getini, na barabara ile, eish, hata mimi mtu mzima naiogopa.

Watu wakaanza kutolewa, taa zikaanza kuzimwa. Ndipo nikakumbuka: mtu wa foleni akienda kununua mkate, huacha kitu chake kishike nafasi. Jiwe, chupa, chochote. Nikavua kiatu nikakiweka. Wapi! Nikaweka mkoba. Wapi! Nilibaki na riwaya tu mkononi, na roho iliniuma, kwa sababu nakala nyingine sikuwa nayo. Nikaiweka. Nikasema kwa sauti, "Hii ndiyo mimi. Itamngoja yule mzee."

Nikainuka hapo hapo. Nilikimbia kiatu kimoja mpaka Berea, nikamkuta Neema getini peke yake, ameshika nondo kwa mikono miwili, machozi yameshamkauka. Sijawahi kumkumbatia hivyo.

Kesho yake nilirudi, pale benchini hapakuwa na riwaya wala kiatu, na mlinzi akaniapia kwamba jana yake sikufika kabisa. Tangu hapo sikumbuki hata sentensi moja ya ile riwaya, hata jina la yule mwanamke niliyemwandika. Neema hunisimulia vipande nilivyokuwa nikimsomea usiku, akacheka, na mimi navisikiliza kama vya mtu mwingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiyemjua akikuomba umshikilie nafasi, muulize kwanza amekaa hapo tangu lini. Akinyamaza, kimbia.