Bisi za Kurudishia Sahani

Bi Badriya alikuwa mtu wa nyumba kubwa, na nyumba kubwa ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Ghorofa tatu pale Malindi, mjini Unguja, vyumba kumi na kimoja, mlango wa nakshi ambao wageni wa meli walisimama kuupiga picha, na jikoni hamna hata kitunguu. Marehemu mumewe, Saud, alimwachia saa za ukutani nne, zote mbovu, na sifa ya ukoo. Sifa ya ukoo, kama ajuavyo kila aliyejaribu, hailiki hata ukiitia nazi.

Mikarafuu ilikwisha kuuzwa, shamba baada ya shamba, Saud angali hai na angali akiagiza kahawa. Kilichobaki ni kijishamba kimoja karibu na Kizimbani, kilichotunzwa na mzee aitwaye Msabah. Kila mwezi ukiandama, Msabah alikuja mjini na pakacha: nazi chache, muhogo, na mahindi ya bisi, yale madogo magumu kama changarawe. Alipanda hayo, alisema, kwa sababu kima hawayataki. Basi kile alichokikataa kima wa Kizimbani ndicho kilichoingia jikoni kwa binti wa watu.

Na huyo binti wa watu, mwaka huo wa hamsini na tatu, umri wake umepita hamsini, alikuwa na siri moja tu duniani: kwamba analala na njaa. Angekufa kabla hajamwambia mtu. Sisemi kwa kukuza maneno, maana alikwisha kulifikiria jambo lenyewe, akaona kufa kuna heshima zaidi, mradi sanda iwe nzuri.

Aliyemharibia mipango ni jirani. Nyumba ya pili ilikuwa ya ami yake Bi Badriya zamani, na baina ya nyumba mbili hizo palikuwa na wikio, ule ujia wa juu unaovuka kichochoro, uliojengwa ili wanawake wa ukoo watembeleane bila kushuka njiani. Ami alikufa, nyumba ikauzwa, ikapangishwa vyumba vyumba, na ghorofa ya juu, yenye mlango wa wikio, akaingia Mwatum wa Bwejuu na mumewe Machano, mnyapara wa makuli bandarini. Mwatum alicheka kwa sauti ya kuamsha mtaa na alipika kila siku kama mwenye arusi. Wiki ya kwanza tu alibisha mlango wa wikio.

"Shikamoo, Bi Badriya. Nimepika pweza wa nazi, nkasema nikuletee uonje."

"Marahaba. Mbona umejisumbua, mwanangu? Mie nshakula."

Alikuwa hajala tangu jana yake adhuhuri. Mlango ulipofungwa, alimla pweza yule kwa vidole, wima, palepale nyuma ya mlango, akairamba sahani mpaka maua yaliyochorwa yakang'aa. Halafu akaitazama sahani, na sahani ikamtazama yeye.

Maana sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo kila mtu Unguja analijua, wa mjini na wa shamba, mwenye mali na asiye na kitu. Unaletewa mchuzi, unarudisha maandazi. Huna maandazi, unatia ndimu tatu, vitunguu viwili, chochote. Kurudisha sahani tupu ni kutangaza kwamba kwako kumekauka. Bi Badriya alipekua jikoni mwake mara mbili, akapata nazi moja, chumvi, na mahindi ya Msabah.

Hapo ndipo akili ilipomjia, na kwa kweli ilikuwa akili nzuri. Hakuna kitu duniani kinachojaza chombo kwa uchache kama bisi. Konzi moja ya mahindi inalijaza bakuli mpaka linafurika, na mpokeaji anaona mlima. Tena bisi zina adabu: haziulizwi zimetoka wapi. Aliwasha stovu, akatia kijiko cha mafuta ya nazi kwenye sufuria ya shaba aliyoolewa nayo, akatupia punje tatu za kujaribu. Ya tatu ilipopasuka akamimina zilizobaki, akafunika, akaacha upenyo mdogo mvuke utoke, akawa anaitikisa kwa mikono miwili huku akisoma Ayatul-Kursi ili jirani asisikie. Sijui Aya ingezuiaje kelele zile. Mtaa mzima ulisikia.

Ikawa ndio desturi. Mwatum analeta boko boko, ule uji mzito wa ngano na nyama, sahani inarudi na bisi. Mwatum analeta kamba, sahani inarudi na bisi. Sahani zilikuja bila taarifa, kwa hiyo Bi Badriya ikambidi awe na akiba, na akiba ya bisi katika mji unaotokwa na jasho kuta na watu si jambo la mchezo. Alikuwa na kopo kubwa la biskuti la zama za neema. Alizianika bisi kwenye sinia mpaka zipoe kabisa, akatia ndani ya kopo kifurushi cha mchele uliokaangwa mkavu ili unyonye unyevu, akafunga mfuniko kwa utepe wa kitambaa uliochovywa nta ya mshumaa. Zikikaa hivyo zilimaliza wiki mbili, na ukizitafuna bado zinalia.

Kosa alilofanya mwanzoni ni kulifukiza kopo udi. Watu wa kwao walifukiza kila kitu, nguo, mitungi, wageni, na kopo lilikuwa linanuka kutu, basi akaliinamisha juu ya chetezo, akatumia kipande cha mwisho cha udi wa arusi yake. Bisi zile zilinukia kama chumba cha biarusi. Mwatum aliinusa sahani, akaipokea. Bi Badriya akajua anachekwa. Kila kicheko kilichovuka wikio, yeye alikihesabu kuwa chake.

Halafu ikaja masika, na masika ya mwaka ule yalikuja kama yametumwa kwake yeye. Kuta zilimea ukungu. Msabah alikwama shamba, na mahindi aliyoleta mara ya mwisho yalikuwa mabichi, yalikaa ndani ya sufuria yakivuta pumzi bila kupasuka. Bi Badriya akapata bisi kidogo kwa shida, na kwa papara akazifungia koponi zingali na joto. Alipofungua, zilikuwa zimenywea kama pamba iliyolowa. Akaonja moja. Haikulia.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakurudisha sahani. Akaiosha akaiweka kabatini. Kesho yake Mwatum akaleta nyingine, na angeweza kumwambia asilete tena. Ulimi ulikuwa tayari, tumbo ndilo lililokataa. Siku ya tatu, ya nne. Siku ya tisa kabati lilikuwa na sahani tisa za watu, zimepangwa, zinang'aa, na Bi Badriya kila akizitazama anajiona mwizi.

Alhamisi asubuhi mlango wa wikio ukagongwa kwa ngumi.

"Hodi! Bi Badriya! Kesho nna wageni kutoka Bwejuu na sina hata kisahani! Machano jana kala kwenye mfuniko wa sufuria!"

"Naam," alijibu Bi Badriya kutoka ndani. "Ngoja kidogo, mwanangu, nnasali."

"Sala gani saa hizi?"

"Dhuha."

Dhuha ile ilikuwa ndefu kuliko tarawehe. Bi Badriya alikimbilia jikoni, akamimina mafuta ya taa ya mwisho kwenye stovu, akazitia bisi zilizonywea kwenye sufuria kavu ili zikauke, walau zijaze sahani moja ya juu. Ngumi zikarudi. Akakimbilia mlangoni, akasema anabadilisha nguo. Akarudi jikoni. Ngumi. Akaenda tena, akasema ufunguo haonekani, na huko jikoni bisi zikashika moto. Moshi ulitoka mweusi, ukapita ukumbini, ukapenya chini ya mlango wa wikio.

"Moto!" alipiga kelele Mwatum, na akasukuma kwa bega. Komeo lililopigiliwa enzi za ami lilikuwa kutu tupu. Lilianguka.

Alimpita Bi Badriya bila salamu, akaingia jikoni, akaishika sufuria kwa kanga yake akaitupa kwenye beseni. Kisha akasimama. Miaka minne hakuna mtu wa nje aliyetia mguu jikoni mle. Mwatum aliona mashubaka matupu, kopo la biskuti wazi, na ndani ya kabati sahani zake tisa.

Bi Badriya alijinyoosha. Alikuwa na hotuba aliyoiweka kwa siku kama hii, kwamba mpishi wake kaenda shamba na vitu viko njiani. Huyo mpishi alikwisha ondoka tangu mwaka wa arubaini na nane. Alifungua kinywa aanze, na yakatoka maneno ambayo hajapata kuyatamka tangu azaliwe.

"Nna njaa, Mwatum."

Alisimama palepale, mikono imemning'inia, akisubiri kuchekwa.

"Nnajua," alisema Mwatum.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu yule pweza. Mtu aliyeshiba harambi sahani hivyo, Bi. Mie ndiye nliyeinunua, nnayajua maua yake, hayajapata kung'aa hivyo." Alichukua bisi moja iliyonusurika, akaibonyeza. "Na hizi umezifunga zina moto. Bisi hazifungwi zina moto, mtu mzima wewe!"

"Kama ulijua, mbona ulikuwa ukizipokea bisi zangu?"

"Kwa sababu tamu! Isipokuwa zile za udi. Machano alisema kama anamtafuna biarusi."

Bi Badriya alitaka kukasirika. Alijitahidi kwa kweli, akakunja uso kama alivyokuwa akikunja mama yake mbele ya watumishi. Badala yake akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, yeye binti wa nyumba ya ghorofa tatu, akalia kwa sauti, kilio kibaya cha makamasi, na Mwatum akaketi sakafuni kando yake akamwacha alie mpaka amalize. Alilia kwa njaa, kwa Saud, kwa miaka yote ya kusema nshakula. Walipomaliza walizibeba sahani tisa kwa pamoja, nne huyu, tano yule, wakavuka wikio, na Bi Badriya akala wali wa jana jikoni kwa mpangaji, akaomba tena.

Wageni wa Bwejuu walikuja wakaondoka. Jumamosi Mwatum alileta wali na mchuzi wa papa kwenye sahani yenye maua. Msabah alikuwa keshapita asubuhi na pakacha lake, ndimu zilikuwamo, na mahindi yaliyokauka vizuri. Bi Badriya alikula akiwa ameketi, polepole. Kisha akaiosha sahani, akaifuta, akavuka wikio kwa miguu yake.

Alimnyooshea Mwatum sahani. Haikuwa na ndimu wala bisi, haikuwa na kitu.

Mwatum aliitazama sahani tupu, akamtazama Bi Badriya. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mahali pake juu ya shubaka.

"Kesho dagaa," alisema.

"Utie pilipili," alisema Bi Badriya.