Pazia la Mawese

Mimi huchora kwa vitu vya jikoni. Masizi ya sufuria ndiyo rangi yangu nyeusi, udongo wa kichuguu ndiyo nyekundu, uji wa muhogo ndio gundi. Mama alivumilia yote hayo, ila kuchorea mafuta ya mawese kulimshinda. "Mutoto, chakula haichezewi," alikuwa akiniambia, nami nilimcheka tu.

Kwa hiyo mama alinishangaza wakati dada yangu alipoolewa hapa Kasongo. Aliniomba nichore pazia la kutundika nyuma ya kiti cha bibi harusi. Wakwe walikuwa wanatoka Kabambare, naye alitaka waone kwamba nyumba yetu ina fundi. Alikwisha kuwatangazia majirani wote.

Nilishona shuka mbili pamoja, nikachora mto Lualaba uliofurika, maji yake mekundu ya mawese niliyoyakoroga na jivu. Ilikuwa kiangazi, ambacho asubuhi zake huku kwetu ni za baridi. Asubuhi na mapema nilipitisha kidole, nikaona rangi imeshika. Kila mtu wa hapa Maniema anajua kwamba mawese huganda kwa baridi. Mimi, kwa kiburi changu, nilijiona nimegundua rangi mpya.

Mchana bati la paa liliwaka kwa jua na watu walijaa, ndipo mto wangu ukaanza kutiririka. Tone la kwanza lilimwangukia mama wa bwana harusi, aliyeketishwa kwa heshima chini ya pazia, kando ya bibi harusi, juu ya mtandio wake mweupe. Likafuata la pili. "Iko nini hii?" akauliza, akijishika bega. Kaswida ikakatika. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa anapita na bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Nilimwona akilitazama pazia, kisha akaliinamisha lile bakuli kwa makusudi, mchuzi ukamwagika palepale kando ya mkwe.

"Pardo, munisamehe, mukwe wangu! Ni mimi njo nilimwanga mafuta. Mikono yangu iko inazeeka."

Kabla mtu hajageuka, alilivuta pazia langu chini akapangusia sakafu. Mkwe alicheka, akamshika mkono. Harusi ikaendelea.

Mama alikuwa mpishi wa harusi za mtaa mzima na hakuwahi kumwaga hata tone. Habari ilienea. Siku hizi akialikwa, wenye harusi humpa kazi ya kupanga viti. Sufuria hawamwachii tena. Hupanga bila kinyongo, huku wenzake wakimtania juu ya mikono yake. Mimi humsaidia kubeba viti, na siwezi kumtazama usoni.