TV kali niliyoipata Mikumi kwa bei ya kutupa, na kitambaa cha mama kilichokataa kuienea

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, kijiwe changu kipo Mikumi barabarani kabisa. Uandishi si kazi yangu, mnivumilie. Ila hiki ninachowaletea kimenitokea mwenyewe na sijatia chumvi hata ya kuonjea.

Kila wiki naona humu mtu anauliza, "TV high-end kwa bei nzuri napata wapi?" Majibu ni Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo.

Mwenzenu nimeipata Mikumi. Na haikuwa ya kwangu, ilikuwa ya baba.

Ngoja nianzie nyumbani ili tuelewane.

Kwetu ni Kilosa mjini, upande wa reli. Mzee alikuwa mtu wa reli, genge lao lilikuwa linashinda sana Munisagara, nyumbani anakuja wikiendi. TV yetu ya kwanza aliishusha kwenye treni imeviringishwa blanketi, mimi nikiwa darasa la tatu. TV ya chogo, inchi ishirini na moja. Chogo lenyewe lilimaliza meza yote.

Aisee, siku ile mtaa ulihamia kwetu. Mmoja yuko nje anazungusha antena, sisi ndani tunapiga kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo! Aaah, umepitiliza!"

Mama akaifumia kitambaa. Uzi mweupe, pembeni maua ya manjano. Kizazi cha juzi hamuwezi kuelewa, ila zamani TV bila kitambaa ilikuwa kama imetoka nje bila nguo.

Sasa kile kitambaa kwetu kilikuwa na kazi yake.

Jioni mama anakitoa, anakikunja mara nne, anakiweka mapajani. Hapo watoto tunajua kelele basi. Watu wanaangalia taarifa ya habari, wanaangalia mpira, wanaangalia hata matangazo. Mama akichoka hasemi kitu. Anasimama, anaifunika TV nacho, anasema, "Haya jamani, TV imelala."

Watu wananyanyuka, wanaaga, wanatafuta ndala zao mlangoni. Miaka yote ile sijawahi kumsikia mama akimwambia mtu aondoke kwake. Na hakuna aliyewahi kuondoka kabla ya kitambaa. Ilikuwa kama utaratibu wa mtaa.

Basi. Mwaka jana mama alitutoka. Aliugua ghafla, akapelekwa hospitali asubuhi, na nyumbani hakurudi.

Tulipomaliza msiba watu wakatawanyika. Mimi nikarudi Mikumi, dada yangu Neema akarudi Morogoro kwake, mzee akabaki peke yake na ile nyumba.

Kila nikienda kumsalimia nakuta sebule kimya. Namuuliza, "Baba, mbona huangalii hata habari?" Ananijibu, "Ile TV imekufa."

Nikimwambia niitazame kidogo, anakuwa mkali. "Nimesema imekufa. Acha hapo hapo."

Majirani wakaacha kuja. Watakuja kufanya nini, kuangalia ukuta? Mzee akawa anakula mapema, analala na kuku. Ukimpigia simu anajibu "nipo, nipo," amekata.

Neema akanipigia analia. Akasema, "Kaka Ombeni, baba anaisha tunamwangalia. Hali ikiendelea hivi nakuja kumchukua, atake asitake."

Sasa wanaomjua mzee wangu wanajua ukimtoa Kilosa umemmaliza. Kile kituo, ile kelele ya treni, ndiyo hewa yake. Lakini Neema naye hakuwa na makosa. Mimi nilikuwa katikati na nilikuwa naumia kweli, wakuu. Kulala silali.

Nikajiambia isiwe tabu. TV imekufa? Nitamletea mpya. TV ikirudi watu watarudi, watu wakirudi mzee atabaki kwake.

Hapa ndipo deal inapoingia, kaeni mkao wa kula.

Kuna mwenye duka la electronics pale Mikumi, tunamwita Mangi kama Mchaga, japo yeye ni mtu wa Ruaha na baba yake ni mkulima wa miwa. Biashara ndiyo imempa jina. Akaniita grili ya stoo yake imekwama. Naingia, nakuta boksi refu limeegemea ukutani lina vumbi la kutosha.

Nafuta vumbi nasoma. OLED, inchi hamsini na tano, mpya. Kampuni sitaitaja nisije nikaambiwa napiga promo.

Nikamuuliza, "Mangi, huyu simba wa mbuga umemfungia stoo kwa kosa gani?"

Akacheka kwa uchungu. Kumbe jamaa mmoja alikuwa anajenga nyumba ya wageni, akaagiza, akalipa advance, ujenzi ukasimama, na yeye akahama mji jumla, advance akamwachia Mangi. Wateja wa Mikumi wanataka inchi thelathini na mbili waangalie mpira, basi. Nani ataulizia OLED?

"Fundi, likinitoka hili boksi nachinja kuku," akasema. "Nimeshajigonga nalo mpaka nimelizoea."

Nikajifanya sina shida nayo. Nikashika grili, nikachomelea, nikaondoka. Kesho yake nikapita tena "kuangalia kama grili inafunga vizuri." Kesho kutwa nikapita tena. Mangi akashindwa kuvumilia akaniita mwenyewe.

Tukaelewana hivi: namtengenezea geti la stoo yake mpya, vyuma juu yangu, na naongeza kiasi. Kiasi gani msiniulize, shemeji yenu naye ni member humu. Niseme tu ukijumlisha na geti haifiki nusu ya bei ya mjini.

Najua kuna wakuu mnasema, "Bei hiyo ni feki au refurbished." Hata mimi niliogopa. Sikukubali ile ya "nenda kaifungulie nyumbani." Niliangalia boksi kama seal ni ya kiwandani, nikalinganisha namba ya boksi na ya mgongoni, nikadai kadi ya warranty. Halafu nikaiwasha pale pale dukani mchana mzima. Nikaweka picha nyeusi tupu, nyekundu tupu, nyeupe tupu, natafuta kidoa. Hakuna kitu. Weusi wake, aisee, unaweza kudhani imezimwa.

Na msisahau: TV hizi zinasafirishwa zimesimama. Ukiilaza umeiua. Yangu ilipanda pickup ya jamaa anayepeleka magodoro Kilosa, ikabanwa katikati ya magodoro kama bibi harusi. Tukapita njia ya Ulaya. Ulaya yetu hii ya Kilosa, siyo ile yenu ya visa. Kila shimo nafumba macho.

Nimefika, shikamoo baba, marahaba, nikaingiza boksi. Stendi ya chuma nilikuwa nimeichomelea mwenyewe. Nikaifunga upande wa pili wa sebule, mbali na chogo, maana najua haguswi yule.

Mzee akaizunguka. Akaangalia mbele, akaenda nyuma, akarudi mbele.

"Chogo lake liko wapi?"

"Hizi hazina chogo, baba."

"Na kitambaa chake?"

"Baba, hizi za kisasa hazifunikwi."

Akanitazama kama nimesema neno la kitoto. "Sasa wageni watajuaje?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Bado kuunganisha king'amuzi. King'amuzi kiko nyuma ya chogo, waya zimesongamana mle miaka yote. Nikapenyeza mkono taratibu, kitambaa nisikiguse. Mkono ukakwangua swichi ya ukutani.

Wakuu. Nikasikia ule mlio wa chogo likiwaka, wanaoujua wanaujua, ule mvumo mwembamba. Halafu chini ya kitambaa kukawa na mwanga, na chenga zikaanza kupiga kelele.

TV haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa.

Nikageuka kumwangalia mzee. Amekaa, mikono magotini, anaangalia chini.

"Zima," akasema.

Nikazima.

Halafu akasema, "Aliifunika mama yako. Jioni ile, kesho yake ndiyo tukaenda hospitali. Alisema imelala. Sasa mimi niiamshe vipi?"

Nilitoka nje nikajifanya naangalia dish. Nililia, sitawaficha. Sisi tunapigiana simu na Neema kwamba mzee ni mbishi, mzee anazeeka vibaya, kumbe mzee analinda kitambaa kilichokaa vile vile alivyokiweka mke wake.

Nikawaza kuirudisha kwa Mangi siku hiyo hiyo. Nilijiona nimeleta makelele kwenye nyumba ya watu. Nikaingia kumwambia.

Yeye ndiye akaniwahi. "Umetoka nayo mbali. Washa tuone."

Nikawasha.

Najua kuna mkuu hapo chini atauliza picha ikoje, ngoja nimjibu kabisa. Channel zetu za kawaida kwenye OLED usitegemee maajabu, zinaonekana kama zimelowana. Ukipata za HD, hapo utamwona refa mpaka jasho la sikioni.

Jumapili ilikuwa mechi ya watani wa jadi. Nikapita kwa majirani wawili tu. Mzee Mkude, aliyekuwa genge moja na baba. Na Mama Zuhura wa ng'ambo ya uzio, shoga yake mama, ambaye walikuwa wanafuma naye barazani. Hao wawili wakatosha kupeleka habari. Mpaka saa kumi sebule imejaa, wengine madirishani, ndala zimerundikana mlangoni. Sijaziona ndala nyingi vile nyumbani tangu msiba.

Mzee Mkude akaanza uchokozi wake. "Hii TV ni kubwa, refa ananiangalia mimi!" Mzee wangu akajibu, "Anakutambua, ulimwibia kofia." Nikashtuka. Muda mrefu sikuwa nimemsikia baba akitania.

Mechi ikaisha. Sitasema nani alishinda, nimekuja kwa amani.

Sasa mnajua nini? Hakuna aliyeondoka.

Yakaja matangazo, watu wamekaa. Kikaja kipindi cha mapishi, mama mmoja anakaanga samaki, wanaume wazima wamekaa wanaangalia samaki. Magharibi inakaribia, najua Mama Zuhura anataka kuwahi swala, na yeye amekaa. Kila mtu anaangalia mlango, anaangalia TV, halafu anaibia macho kwenye kiti cha mama.

Ndipo nikaelewa. Wanasubiri kitambaa. Hawajui kuondoka kwetu bila kitambaa.

Nikanyoosha mkono kwenye remote. Mzee akanizuia kwa kiganja.

Akasimama. Akatembea mpaka kwenye chogo. Akasimama pale na watu wote wakamgeukia, hata Mzee Mkude. Nikajua akishindwa hapa ameshindwa moja kwa moja, na Neema atakuja.

Akakishika kwa mikono miwili, akakiinua. Akakikung'uta, vumbi likapaa hadi Mama Zuhura akapiga chafya. Akaja nacho mpaka kwenye OLED, akakitandika juu.

Hakikuenea! Kimefunika katikati tu. Upande huu unaona sufuria, upande huu unaona mkono na mwiko, samaki bado anakaangwa.

Mzee akakinyoosha pembe, akageukia watu.

"Haya jamani," akasema. "TV imelala."

Mzee Mkude akadakia, "Imelala wapi, mbona inapika!"

Wakuu, nyumba ilipasuka kicheko. Mzee wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Zuhura anacheka huku anafuta machozi na mtandio. Halafu watu wakanyanyuka mmoja mmoja, wakaaga, wakatafuta ndala zao.

Mama Zuhura alibaki nyuma kidogo. Akamwambia baba atamfumia kingine kikubwa, maua yale yale, anayajua. Mzee akakataa. "Hiki kinatosha."

Wiki iliyofuata Neema akapiga simu nikiwa pale pale sebuleni. Akamwambia baba amejiandaa kuja kumchukua. Nikamsikia mzee anamjibu, "Njoo unisalimie, mama. Ila kuondoka siwezi. Jumapili nina wageni."

Chogo lipo mahali pake. Mchana analifunika lenyewe. Jioni anakitoa kitambaa, anakikunja mara nne, anakiweka mapajani, anawasha hii mpya.

Funzo nililopata ni hili: deal nzuri zipo hata huku kwetu, pitieni maduka ya barabarani, ulizieni vilivyolala stoo, na testini kabla ya kutoa hela. Na mzee akikwambia kitu kimekufa, usikimbilie kununua kingine. Kaa naye kwanza umuulize.

Wa kutaka namba ya Mangi, msihangaike, TV ilikuwa moja tu. Na geti lake sijalimaliza, akiniona humu naomba mniombee.

Nawaachia jukwaa. Kwenu nani alikuwa anafunika TV, na alikuwa anasemaje?