Kaburi Linalosubiri Mgodi

Kwenye ramani aliyotuchorea mwalimu ubaoni, kwetu palikuwa na kiduara cheusi. Pembeni ameandika maana yake: makaa ya mawe. Njombe mjini hapakuwa na kiduara, Makambako hapakuwa nacho, ila sisi wa Mchuchuma, tuliokwenda shule na viatu vya matairi, tulikuwa nacho. Mwalimu alisema ipo siku patakuwa mji mkubwa. Tulishaugawana kabisa: huku stesheni ya reli, kule uwanja wa mpira wenye taa, na mimi nilijitengea nyumba ya ghorofa karibu na soko.

Sasa ninaishi Makambako, nina duka la vifaa vya ujenzi, na wateja hawaachi kunitania. "Kwenu si ndiko kwenye makaa? Mbona unahangaika na misumari?" Basi niwaeleze historia na jiografia ya mji wetu, yaishe.

Jiografia ni hii. Unaondoka Njombe na sweta, unashuka Ludewa, unazidi kushuka kwenye makona mpaka sweta unaifunga kiunoni. Milima, mihogo, mahindi, mto. Makaa yenyewe yapo, sibishi. Yanaonekana kwenye kingo za mto, meusi, yanang'aa yakilowa. Utotoni tulichora nayo magoli kwenye ukuta wa kanisa tukachapwa sana.

Historia ni fupi zaidi. Walikuja wageni wakapima, wakaondoka. Wakaja wengine wakapima palepale. Kila wakija unaitishwa mkutano, tunaambiwa mgodi umekaribia, tusijenge vya kudumu, tusipande miti ya kudumu. Tunapiga makofi. Wenzetu wa huko juu waliokaa kimya bila kiduara wamepanda parachichi, wanavuna. Sisi tunalima mihogo na kusubiri. Mama yangu amekalia makaa maisha yake yote na bado anabeba kuni kichwani.

Haya yote ningeyavumilia, kama si kaburi la baba.

Baba alifariki kipindi ambacho wapimaji wa awali walikuwa wameondoka na wengine hawajafika. Kwetu marehemu haachwi na udongo mtupu. Msiba ukipoa, watoto wanatafuta tofali na saruji, kaburi linajengewa, padri anabariki, watu wanakula, na mjane anatua mzigo. Kabla ya hapo marehemu huwa kama hajafika. Ndivyo mama alivyosema tangu mwanzo: "Baba yenu bado yuko njiani."

Tukakaa kikao cha ukoo. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa msemaji.

"Makaburi yote yatahamishwa," alisema. "Mnataka kumjengea mtu nyumba ya kubomolewa?"

"Yatahamishwa lini?" mama akauliza.

"Mgodi ukianza, shemeji."

Kikao kikapita hivyo, tukala ugali tukatawanyika. Na tangu siku hiyo baba yangu, mtu aliyechukia kusubiri hata chai ipoe, akawa anausubiri mgodi.

Mchwa walikula msalaba wa mti. Tukaweka mwingine, wakaula. Udongo ulititia, mbuzi wakapafanya njia. Kila masika mama alinipigia simu, na kabla hata ya kuniuliza watoto hawajambo, alisema, "Baba yako amenyeshewa tena." Ninakata simu, nimesimama katikati ya mifuko ya saruji, dukani kwangu mwenyewe! Nje malori ya makaa yanayotoka upande wa Songea yanapita yakitikisa mabati niliyoyaegemeza ukutani. Makaa ya wenzetu, yaliyokwisha kuchimbwa. Nilikuwa natamani kuyarushia mawe.

Mwaka huu habari zikaanza tena. Baba mdogo akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Safari hii ni kweli kabisa, mwanangu. Wanakuja."

Sijui ni hilo neno "safari hii", maana nimelisikia tangu nina meno ya utoto. Hasira zilinipanda. Kesho yake nikapakia saruji kwenye Fuso, nikamchukua fundi, tukashuka.

Mama alitupokea mlangoni. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa lugha ya kwetu, kisha akaona mifuko. Aliingia ndani akabadilisha kitenge, akavaa kile cha kanisani.

Baba mdogo alitukuta makaburini, anahema kwa kupanda kilima.

"Unatupa mali yako," aliniambia. "Wakija watalibomoa."

"Walibomoe, baba! Angalau watakuwa wamekuja."

Akafuta jasho. Nadhani hata yeye amechoka, ila ameshasema "wanakuja" mara nyingi mno, hawezi tena kurudi nyuma.

Fundi alichomeka vijiti kulizunguka tuta la baba, akaanza kufunga kamba. Mama alimtazama kidogo, akamsogelea, akaichukua ile kamba mkononi mwake. Akatembea nayo taratibu kwenda upande wa kushoto, nje ya vile vijiti, mpaka penye nafasi ya mtu mwingine kulala. Akasimama hapo.

"Shemeji," baba mdogo akasema, "hilo sasa ni la watu wawili."

"Ndiyo."

"Na wakija na mgodi wao?"

"Wakija watatukuta tumeshafika," mama alisema. "Watatubeba wote."

Fundi akageuka kuniangalia mimi, kana kwamba mwenye saruji ndiye mwenye neno. Nilimwonyesha kwa kidole achimbe msingi pale mama aliposimama, naye akamwomba mama asogeze mguu.