Mahindi Yaliyoota Ndevu

Katika soko la Kasuku muuzaji alifungua gunia la mahindi, na harufu ya ukungu ikanirudisha utotoni. Wakati wa vita tulificha mahindi shimoni, chini ya kitanda, ili askari wasiyaone. Tulipoyafukua yalikuwa ya vuguvugu, yamefunikwa manyoya ya kijani yaliyonata vidoleni.

"Mama, mahindi imeota ndevu!" nikasema.

"Ndevu njo ya kunyoa," akajibu.

Akayasugua kwa majivu, na maji ya kuoshea yakatoka mazito kama makamasi. Ya kwanza alimpa bata wetu, kama watu wa mtaani walivyojaribu chakula siku hizo. Asubuhi bata alikuwa amekufa, shingo imepinda, kinyesi cha kijani kimeganda mkiani. Mdogo wangu alikuwa akilia njaa tangu jana.

"Bata iko na tumbo kidogo," Mama akasema. "Muntu iko na tumbo kubwa."

Akapika ugali, na bata akawa mboga. Chuoni nilisoma kwamba sumu ya ukungu haiondoki kwa moto, na tonge langu la siku ile nimeliwaza kupita kiasi. Lilikuwa chungu, nikalimeza bila kutafuna. Mdogo wangu alimaliza lake, akaomba lingine. Mama akamega fungu lake mwenyewe, akampa.