Sura Yangu Niliyoichoma Mwenyewe

Ninyi bavijana mutakaosoma hii, na ninyi bamama badogo munaolea batoto, musingoje maneno ya kupambwa. Mimi sikusoma sana (niliacha masomo mapema, kusoma nimejifunza mu Biblia), kwa hiyo nitasema tu vile ilikuwa. Aibu ni yangu. Mukitaka kucheka mucheke, mutaa yetu ya Katuba imekwisha kucheka kabla yenu.

Naomi ni mujukuu yangu. Mama yake anafanya biashara kule Sakania, kwa hiyo mutoto nimemulea mimi tangu alipoacha ziwa, mu lupango moja, ua moja, na mutoto yangu Deo na muke yake Sifa. Iko mwaka ya tano ya primere, masomo ya musingi. Sasa ku masomo yao akafika direktrisi mupya, mama mukubwa wa masomo, akasema kuhesabu na Kifaransa peke yake haitoshi, batoto babaki nyuma ya saa sita mara mbili kwa juma, kuna mwalimu wa muziki, kuna wa ordinatere (ile kompyuta), kuna wa kufinyanga udongo, kila mutoto achague yake. Naomi akachagua udongo. Alikuja mbio kuniambia, miye napepeta muchele, nikamujibu bila hata kuinua kichwa: "Miye nakutuma ku masomo ukachezee matope? Matope tuko nayo hapa bure, ngoja mvula inyeshe. Ile habari sitaki kuisikia mu hii nyumba."

Hakuniambia tena. Ni mutoto anayesikia (na miye nilikuwa najisifu kwa majirani nabaambia bakuje baone vile mutoto analelewa).

Basi ikafika siku ya posho moja, ile Jumamosi, kesho yake ni kanisa, na miye siku ya posho nafagia nyumba mpaka chini ya vitanda. Naomi alikuwa ametoka mapema, alisema banaenda kupanga meza za maonyesho ya bazazi. Sikuuliza maonyesho gani. Nikaingia na ufagio mu chumba chake, nikauingiza chini ya kitanda, ukagonga kitu kilichofungwa mu kitambaa nyuma ya sanduku. Nikakivuta, nikafungua.

Ilikuwa muntu. Muntu mudogo wa udongo, mwanamuke, amesimama, amevaa kikwembe, kitenge cha kujifunga, na kile kikwembe kilikuwa changu, kipande cha kile cha maua ya manjano ambacho niliona pembe yake imekatwa nikasema ni panya. Juu ya kichwa nywele za kweli, nyeupe, zangu, za kutoka mu kitana changu. Kinywa wazi. Kidole kimoja juu. Na mu bega ya kushoto, sindano. Na miye bega yangu ya kushoto ilikuwa inaniuma tangu mvula zilipoanza.

Ninyi mungefanya nini? (Musinijibu. Najua sasa.)

Nilipiga kelele mpaka Sifa akakuja mbio na mikono ya unga. Akaangalia kile kitu, akakigeuza, akasema pole pole: "Mama, tungoje Naomi arudi tumuulize. Labda ni kitu ya masomo."

"Nyamaza, Sifa! Masomo gani inafundisha kutoboa bantu na sindano?"

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa hii habari, kama ningenyamaza mimi na si yeye. Lakini kelele yangu ilikuwa imekwisha kuruka ukuta, na ngambo ya ukuta anakaa Mama Kapinga, muntu wa Kasai, rafiki yangu, ndiye anayeongoza kikundi chetu cha maombi, na Mama Kapinga hahitaji kuitwa mara mbili.

"Usiiguse na mukono, mama! Jina ya Yesu! Shika na kijiti!"

Nikashika na kijiti. Kabla sijapata hata kufunga kitambaa kichwani muzuri lupango ilikuwa imejaa, bamama ba maombi na chumvi yao na mafuta yao, majirani ambao hata siku moja habajaomba, na bavijana juu ya ukuta na simu zao, na miye katikati nimeinua kile kijiti kama muntu anayepeleka nyoka. Nikawasha makala mu mbabula, lile jiko letu. Mama mumoja akauliza: "Ilikuwa chini ya kitanda ya nani?"

"Ya Naomi," nikasema.

Bakaangaliana.

"Njo vile, ndiyo vile," akasema yule mama. "Batoto ba leo! Banapewa mukate ku njia, banaula, banarudia na bulozi, na uchawi, mu nyumba."

"Na muangalie vile ule mutoto anakuwaga kimya," mwengine akaongeza. "Kimya, kimya, macho tu."

Ule ukimya ni mimi niliyemupa. Niliujua, nilijua hata siku niliyomupa. Na kinywa changu hiki, ambacho kinagombeza hata bauza mukate banaopita mu barabara, kilifungwa. Bakasema mutoto yangu ni mulozi, mu lupango yangu, na miye nikapuliza makala. Musome hapo mara mbili, kwa sababu kicheko kinakuja sasa na sitaki kile kicheko kifunike hili.

Tukaweka ule muntu mu moto. Kikwembe kikashika, nywele zikanuka vile nywele zinanukaga, bamama bakaanza wimbo, Mama Kapinga akamwaga chumvi, akainama karibu kumukemea adui mu macho, na adui akasema: PAA! Kichwa kilipasuka kama baruti. Vipande vikaruka, makala zikaruka, PAA tena, tumbo nalo, na hapo hakukuwa tena na kikundi cha maombi, kulikuwa na mbio. Mama Kapinga aliacha perike yake, zile nywele za kununua, mu matawi ya mupapai. Mwengine aliingia na miguu yote mbili mu beseni ya mihogo yangu niliyoloweka. Miye mwenyewe, na hii miaka yangu, nilipita mu dirisha ya jikoni (dirisha ambayo mpaka leo Deo anaipima na macho na hasemi kitu). Na bavijana juu ya ukuta (kambo ni nyanya, ni miye): "Kambo, rudia! Rudia kiloko, kidogo tu, simu haikushika muzuri!"

Wakati natoa kichwa mu dirisha, ndipo nikaona Naomi amesimama ku mulango wa lupango na mwalimu wake wa udongo, kijana mumoja mwembamba, na katikati yao kikartoni kilichojaa majani makavu. Balikuja kuchukua ile kazi.

"Kambo," akasema Naomi, "mumechoma nini?"

"Mulozi alinitengeneza," nikasema, "na nywele yangu, na kikwembe yangu."

"Haiko mulozi. Miye njo nilitengeneza. Mwalimu alisema kila muntu afanye mwenye anamulea. Ile njo weye."

"Na sindano?"

"Ya kushika kikwembe, isianguke."

"Na kinywa wazi? Na kidole?" (Hata hapo, bandugu, niliendelea kuuliza kama polisi.)

"Ulikuwa unaniita nikuje kula."

Mwalimu akachutama karibu na mbabula, akasema, kama muntu anayeomba musamaha kwa niaba ya udongo, kwamba bado kulikuwa na maji ndani, ndiyo sababu alibaambia bakaushe nyumbani pole pole mbali na jua, na udongo wenye maji ukiingia mu moto unapasuka. Naomi akaanza kuokota vipande na kuviweka mu kikartoni. Mama Kapinga akatoa perike yake mu mupapai, akaipangusa, akaniambia mbele ya bote: "Lakini weye mama, juu ya nini haukuuliza mutoto?" Akaenda zake.

Nilioga, nikavaa, nikaenda ku maonyesho. Nilifikiri aibu yangu ilikuwa ni ile ya dirisha. Kweli, nilipoingia, bazazi balikuwa na simu mukononi (bavijana ba ukuta balikwisha kutuma), banaangalia simu, banainua macho kuniangalia, banarudisha macho ku simu. Ile nilistahili. Lakini nikafika ku meza ya Naomi. Alikuwa amepanga vipande vyangu juu ya kitambaa, mukono, upande wa uso, kile kidole. Mutoto mumoja wa darasa lake akakaribia kuangalia, na mama yake akamuvuta na nguo: "Toka pale! Haukusikia banasema nini juu ya ule?" Naomi akasikia. Akashusha macho. Mutoto mwenye jana alikuwa na barafiki tu kama bengine.

Direktrisi akafika na bageni, akasema kwa upole: "Naomi, utuelezee kazi yako."

"Ni kambo yangu," akasema. "Alikuwa amevaa kikwembe. Kisha ilipasuka mu moto."

"Na nani aliiweka mu moto?"

Naomi aliniangalia tu, na nikaona hatanitaja hata bangemungoja mpaka kesho.

"Ni miye," nikasema, na sauti yangu ile ya kuita bantu bakule. "Ni miye nilichoma. Mujukuu yangu haiko mulozi. Alinifanya sura yangu, na miye sikujua hata sura yangu mwenyewe. Mujinga wa hii nyumba ni miye peke yangu, na mwenye anavuta mutoto wake mbali na hii meza, akuje avute mbali na miye."

Balicheka, bengine bakapiga makofi. Yule mama hakupiga. Kesho yake nikasimama kanisani nikasema vilevile, Mama Kapinga mbele, na perike yake kichwani. Lakini neno la namna ile ukishaliachia litembee, haurudishi yote. Mpaka leo kuna mutoto mumoja ambaye hapewi ruhusa kukaa na Naomi ku banki moja, benchi ya darasa. Na Naomi ameacha udongo. Amekwenda ku ordinatere. Nilimuuliza kwa nini, nikamubembeleza hata, akasema: "Kule hakuna kitu ya kuleta nyumbani, Kambo."

Mangaribi ya ile siku ya maonyesho nilibaita bote mbele ya chakula, Deo, Sifa, Naomi na batoto badogo ba Sifa, nikasimama, nikabaambia hivi: "Mukikuta kitu hamukijui mu hii nyumba, mukiache pale kilipo, muite mwenyewe, mumuulize, mungoje mpaka ajibu. Sifa, nikisahau, weye unishike mukono, hata mbele ya bageni. Na yule atakayeita mutoto mulozi mu hii lupango, awe jirani, awe muchungaji, awe miye, mumufungulie mulango atoke. Sasa kuleni."